Siku moja maishani mwangu: kadi ya mtandao inayokataa draiva

Saa 1:30 asubuhi

"Mwangaluka," mlinzi anasalimia getini, na ngazi zinaelekea chumba cha seva. Kazi ya leo ni seva moja ya soketi mbili (prosesa mbili), kadi ya Intel X710 yenye poti mbili za gigabiti 10, na programu ya VPP itakayopitisha pakiti (vipande vya data) za wateja wa mtoa huduma mdogo wa intaneti kutoka Nyegezi hadi Buzuruga, hapa Mwanza.

VPP hutumia DPDK, maktaba za kusukuma pakiti kwa kasi, na DPDK haipitii kwenye kerneli, moyo wa mfumo endeshi. Huishika kadi yenyewe. Sababu ni hesabu tu. Gigabiti 10 zikijaa pakiti ndogo za baiti 64 ni pakiti milioni 14.88 kwa sekunde, yaani kila pakiti ina nanosekunde 67.2. Ukiisumbua kerneli kwa kila pakiti, muda huo umekwisha kabla hujafanya lolote. Kwa hiyo draiva ya kawaida, i40e, inabidi iiachie kadi, na vfio-pci, draiva inayoikabidhi kadi kwa programu, iishike. Mafundi huita kazi hiyo kubaindi.

Kabla ya taminali, feni. Wadudu wa ziwani wakija kwa mawingu yao hufuata taa, na asubuhi unawakuta wamejaa kwenye wavu wa mbele wa seva. Kadi ya X710 haipendi joto. Brashi kavu inatosha. Kitambaa cha maji kiache nyumbani.

Saa 2:00 asubuhi

Kwanza kuitambua kadi kwa anwani. Jina kama `ens2f0` halitufai hapa, maana ukishabaindi jina hilo linatoweka kwenye `ip link`, na tcpdump, chombo cha kutazama pakiti, haioni kitu tena. Watu wengi hudhani kadi imekufa.

`lspci -nnk | grep -A3 Ethernet`

Inajibu `af:00.0` na `af:00.1`, kitambulisho `8086:1572`, draiva inayotumika i40e. Andika anwani hizo kwenye karatasi. Ukikuta `15b3` badala ya `8086`, hiyo ni Mellanox, na kama ni ya familia ya mlx5 acha kubaindi kabisa: DPDK huitumia ikiwa bado chini ya draiva yake ya kawaida, mradi maktaba za rdma-core zipo. Kuna watu wameipeleka mlx5 kwenye vfio-pci kisha wakakesha wakitafuta kosa ambalo wamelitengeneza wenyewe.

Kisha `dpdk-devbind.py --status`, hati (skripti) ya kubaindi inayokuja na DPDK. Poti yenye alama ya `*Active*` ina njia kwenye jedwali la njia, na hati hii itakataa kuigusa: `routing table indicates that interface ... is active. Not modifying`. Wengine huongeza `--force` bila kufikiri. Kama hiyo ndiyo poti iliyobeba SSH yako, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, umeukata mti uliokalia, na bodaboda ya kukurudisha kwenye jengo utailipa mwenyewe. Ondoa anwani ya IP kwanza, shusha poti kwa `ip link set ens2f0 down`, hakikisha SSH inapita kwingine, ndipo ubaindi.

Saa 3:00 asubuhi

`modprobe vfio-pci`, halafu `dpdk-devbind.py -b vfio-pci 0000:af:00.0`.

Imegoma. `Cannot bind to driver vfio-pci: [Errno 22] Invalid argument`. Ujumbe huu hausemi chochote cha maana, na ndiyo tabia ya hati ya kubaindi: huandika neno kwenye faili la sysfs, yaani mafaili ya mipangilio ya kerneli, kerneli ikikataa inakuletea namba tu. Maelezo yamebaki kwenye `dmesg`, daftari la ujumbe wa kerneli. Mtu akileta tatizo la kubaindi bila `dmesg`, hajaleta tatizo.

`vfio-pci: probe of 0000:af:00.0 failed with error -22`

Hiyo -22, mara nyingi mno, ni IOMMU kutowashwa, yaani kitengo kinachodhibiti sehemu ya kumbukumbu ambayo kadi inaruhusiwa kuigusa. Uthibitisho ni `ls /sys/kernel/iommu_groups`: folda tupu, hakuna IOMMU. Mahali pa kuiwasha ni pawili. Bayosi kwanza, kipengele cha VT-d (kwa AMD hutajwa IOMMU au AMD-Vi). Kisha `/etc/default/grub`, kwenye mstari wa kerneli, ongeza `intel_iommu=on iommu=pt`, fanya `update-grub`, zima na washa. Hiyo `pt` isiachwe: inaruhusu vifaa vilivyobaki kwa kerneli vipite bila kutafsiriwa anwani kila mara, kwa hiyo diski na poti ya usimamizi hazilipi gharama ya kazi yetu.

Seva kubwa huchukua dakika kadhaa kuamka. Chai na chapati.

"Kaka, si tungetumia tu igb_uio? Haihitaji haya yote," anauliza kijana ninayefanya naye kazi.

"Mdogo wangu, ndiyo maana hatuitumii."

Igb_uio ni draiva nyingine ya kubaindi, isiyotumia IOMMU. Bila IOMMU kadi inaweza kuandika popote kwenye kumbukumbu ya seva. Kosa moja la anwani ndani ya programu na kerneli nzima inaharibika kimyakimya. Tena igb_uio iliondolewa kwenye msimbo mkuu wa DPDK tangu toleo la 20.11. Secure Boot ikiwa imewashwa, moduli uliyoijenga mwenyewe bila saini haipakiwi. Ile `uio_pci_generic` nayo inategemea ukatizaji wa zamani wa INTx, kwa hiyo kadi pepe za SR-IOV (kadi moja iliyogawanywa kuwa nyingi) haiziwezi. Kwenye mashine pepe isiyo na IOMMU ipo njia ya `enable_unsafe_noiommu_mode`, na neno "unsafe" hawakuliweka kama pambo.

Saa 5:00 asubuhi

Sasa `af:00.0` imeshika. Tunajaribu kwa `dpdk-testpmd`, programu ya majaribio ya DPDK, kabla ya VPP, maana testpmd ina maneno machache na makosa yake yanasomeka.

`VFIO group is not viable! Not all devices in IOMMU group bound to VFIO or unbound`

Hapa ndipo wengi hurudi kuhangaika na bayosi, na bayosi haina kosa. IOMMU hulinda kwa makundi, hailindi kadi mojamoja. Vifaa vinavyoweza kupelekeana data bila kupita kwenye IOMMU huwekwa kundi moja, na kundi hutolewa lote au halitolewi. Angalia waliomo:

`ls /sys/bus/pci/devices/0000:af:00.0/iommu_group/devices`

Poti zote mbili zimo, na `af:00.1` bado iko kwa i40e. Dawa ni kuibaindi nayo. Daraja la PCIe likionekana kwenye orodha liache na draiva yake ya pcieport, halizuii kitu. Ukikuta kidhibiti cha diski kwenye kundi hilo, hamishia kadi sloti nyingine. Kile kiraka cha kerneli cha kugawa makundi kwa nguvu sitakisifia: makundi yanagawanyika kwenye orodha, lakini umeme kwenye bodi unapita palepale.

Jingine la saa hii: ukirudisha kadi i40e huku testpmd bado inaendesha, amri inaganda. `dmesg` itaandika `Relaying device request to user`. Usiue taminali, funga programu iliyoishika kadi na amri itamalizika yenyewe.

Saa 7:00 mchana

Ugali na sato. Kadi haiendi popote.

Saa 8:00 mchana

Kumbukumbu. DPDK inataka kurasa kubwa (hugepages), yaani vipande vikubwa vya kumbukumbu. Kurasa 1024 za megabaiti 2 ni gigabaiti 2, zatosha majaribio:

`echo 1024 > /sys/kernel/mm/hugepages/hugepages-2048kB/nr_hugepages`

Soma faili hilo tena baada ya kuandika. Seva iliyokaa siku nyingi kumbukumbu yake imekatikakatika, unaomba 1024 inakupa pungufu bila kulalamika. Kurasa za gigabaiti 1 ziombe kwenye mstari wa kerneli, mapema kabla kumbukumbu haijakatikakatika.

Testpmd kwa root inakwenda. Programu yetu ndogo ya kuhesabu pakiti, inayoendeshwa na systemd (msimamizi wa huduma za Linux) kwa mtumiaji wa kawaida, inaanguka kwa kosa namba 12 la kukosa kumbukumbu, huku kumbukumbu ipo tele. Rudi `dmesg`: `vfio_pin_pages_remote: RLIMIT_MEMLOCK exceeded`. VFIO hufungia kurasa mahali pake ili kadi isiandike kwenye ukurasa uliohamishwa, na mtumiaji wa kawaida ana kikomo cha kufungia. Kubadilisha `/etc/security/limits.conf` hakusaidii huduma ya systemd, kwa sababu faili hilo husomwa mtu anapoingia kwenye mfumo. Weka `LimitMEMLOCK=infinity` kwenye faili la huduma, na umpe mtumiaji huyo haki ya faili lenye namba ya kundi ndani ya `/dev/vfio/`.

Saa 9:00 alasiri

Programu inaanza, inasema haikuona poti hata moja, na `--status` inaonyesha zote mbili ziko vfio-pci. Hapo kubaindi kumekamilika; kilichokosekana ni draiva ya upande wa DPDK, ambayo ni maktaba tofauti. Kwa X710 ni `librte_net_i40e`. Aliyesakinisha vifurushi kwa kuchaguachagua huikosa. Sakinisha, anza upya, poti mbili zinatokea.

Saa 10:00 jioni

Pakiti zinapita, lakini chache kuliko inavyopaswa. `show port stats all` ina kaunta mbili za kutazama. `RX-missed` ikipanda, kori (kiini cha prosesa) haiwahi kuchota. `RX-nombuf` ikipanda, bwawa la bafa (nafasi za kuwekea pakiti) limekauka. Ya kwetu ni ya kwanza.

`cat /sys/bus/pci/devices/0000:af:00.0/numa_node` inajibu 1, yaani kadi iko upande wa soketi 1, na kori tulizotoa ni za soketi 0. Kila pakiti inavuka daraja kati ya soketi mbili, kwenda na kurudi. Chagua kori za soketi 1 kwa kutazama `lscpu`, na kurasa kubwa ziwe upande huohuo, chini ya `/sys/devices/system/node/node1/hugepages/`. Kwenye VPP ni `corelist-workers`. `RX-missed` imesimama.

Saa 12:30 jioni

Kubaindi kwa devbind hakuvuki kuzima na kuwasha. Wapo wanaoandika `options vfio-pci ids=8086:1572`, na hiyo inanasa kila X710 iliyomo, hata ya usimamizi ikiwa ni ya aina ileile. Driverctl, chombo kinachokumbuka draiva uliyoipangia kadi, hufuata anwani:

`driverctl set-override 0000:af:00.0 vfio-pci`

na hivyohivyo kwa `af:00.1`. Kwenye `startup.conf` ya VPP, taja mistari ya `dev` kwa anwani hizo mbili. Usipoitaja, VPP hujichukulia kila poti iliyoshushwa inayoifahamu.

Zima, washa. Nje jua linazamia nyuma ya Jiwe la Bismarck, na wadudu wameanza kukusanyika kwenye taa ya korido. `driverctl list-overrides` inaleta mistari miwili, `vppctl show interface` inaonyesha poti mbili, SSH ipo. Kibandiko kwenye kila kebo: `af:00.0`, `af:00.1`. Wavu wa mbele unafunikwa.