Sura mpya ya Audacity: anza na mkono, rangi baadaye

Ukienda Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta laptopu ya ex-UK (iliyotumika Uingereza) ya kuhariria podikasti, ni rahisi kurudi nyumbani na yenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Hiyo ndiyo skrini ya kupimia kiolesura kipya cha Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti. Ukitoa upau wa kazi wa Windows, kichwa cha dirisha na menyu, umebaki na kimo cha pikseli 680 hivi. Vitufe vipya vikubwa vikila 150, mstari wa muda na wa hali vikila 60, na kila traki ikidai 150, traki ya nne haionekani. Mchoro uliopendeza kwenye skrini ya 4K ya mbunifu hapa unakuwa kero.

Audacity ilianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mikononi mwa Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, na sura yake ikajengwa juu ya wxWidgets, maktaba ya kuundia madirisha na vitufe. Kazi ya toleo la 4 ni kuihamishia Qt, maktaba nyingine ya aina hiyo, na QML, lugha yake ya kuelezea sura. Lakini badiliko lililowapunguzia wahariri kazi kuliko mengine lilikuja kabla ya uhamisho huo. Hadi toleo la 3.0, kusogeza klipi (kipande cha sauti ndani ya traki) kulitaka ubonyeze F5 kuchukua zana ya kusogeza, uvute, kisha F1 kurudi kwenye zana ya kuchagua. Ukisahau kurudi, unadhani unachagua neno kumbe umehamisha sauti nzima. Toleo la 3.1, mwaka 2021, liliipa kila klipi mpini juu yake: ukishika mpini unasogeza, ukishika wimbi unachagua. Ndiyo maana nasema tuanze na mkono. Rangi nyeusi na vitufe vya mviringo havimwondolei mtu hatua hata moja.

Kwenye msimbo, kazi ya kwanza ni kutenganisha amri na madirisha. Kila amri iwe na kitambulisho, jina, mkato wa kibodi na sharti la kuwaka, na isijue kabisa imeitwa na menyu au kitufe. Hapo unaweza kujenga ganda jipya kando ya la zamani huku injini ya sauti ikibaki vilevile. Hapa kosa hujitokeza kwenye tendua. Kitelezi cha sauti kikivutwa kinatuma thamani mpya mara nyingi kwa sekunde, na ukihifadhi hali kila mara, mhariri atabonyeza Ctrl+Z mara sitini kurudisha kitendo kimoja. Hifadhi pale tu kidole kinapoachia kipanya.

Kuchora wimbi nako kuna mtego. Saa moja kwa sampuli 44,100 kwa sekunde ni sampuli 158,760,000 kwa kila chaneli, na skrini yetu ina pikseli 1366 za upana. Audacity huweka muhtasari wa kila sampuli 256, na mwingine wa kila 65,536: thamani ya chini, ya juu na ya wastani wa nguvu. Kwa muhtasari ule mpana, saa nzima inakuwa pointi 2,423 hivi, na hizo zinachoreka papo hapo. Anayeandika upya mchoraji bila kuutumia atapata dirisha linaloganda kila mtu anapobonyeza Ctrl+F kuona mradi wote, kisha atailaumu QML bure.

Mchoro usiuguse uzi wa sauti, yaani mkondo wa programu unaoilisha kadi ya sauti. Bafa (hifadhi ya muda ya sauti) ikiwa ya fremu 512, kadi ya sauti inarudi kudai data kila milisekunde 11.6. Uzi huo ukingojea kufuli (kizuizi cha kutogusa data moja kwa pamoja) lililoshikwa na kiolesura, unasikia mikwaruzo kila unapovuta dirisha. Kipima sauti kisomewe kwenye bafa ya mzunguko isiyo na kufuli, mara 30 kwa sekunde. Jicho halihitaji zaidi.

Mikato ya kibodi iacheni jinsi ilivyo. Ctrl+I ya kukata klipi na Ctrl+B ya kuweka lebo zimeshakaa vidoleni mwa watu, na wahariri wasioona hufanya kazi yote kwa kibodi. Kwao kuna hatari nyingine pia: kitufe ulichojichorea kwenye QML bila kukipa Accessible.name na Accessible.role, yaani jina na aina yake, hakipo kabisa kwa NVDA, programu inayowasomea skrini kwa sauti. Zima skrini, washa NVDA, rekodi, kata, uhamishe faili. Ukikwama, hiyo ni hitilafu ya kuzuia toleo lisitoke.

Kiolesura kipya kioneshe pia ukubwa wa mradi. Tangu 3.0 mradi ni faili moja, na flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili inayofika GB 4. Saa moja ya stereo kwa biti 32 ni GB 1.27, vipindi vitatu pamoja na historia ya kutendua vinakufikisha huko. Onyo lije mapema, si wakati wa kunakili.

Halafu Kiswahili. Msanidi akiunda ujumbe kwa kubandika jina la kitu mbele ya kitenzi kimoja, anatuharibia ngeli: traki imefutwa, kichujio kimefutwa, madoido yamefutwa. Hakuna kitenzi kimoja kinachotosha zote. Na idadi pia: klipi 1 imefutwa, klipi 3 zimefutwa. Kwa hiyo kila ujumbe uingie kwenye faili ya tafsiri ukiwa sentensi nzima, wa umoja na wa wingi, na kitufe kiachiwe nafasi ya kutanuka. “Export” ni herufi sita; “Hamisha sauti” ni kumi na mbili, na kwenye ile skrini ya 1366 ndipo utaona kama zinaenea.