Kinyama cha ini: ninavyotafuta saratani ilikoanzia

Kinyama cha ini (kipande kidogo kilichotolewa kwa sindano ili kipimwe maabara) kikija na maelezo "vivimbe vingi, chanzo hakijulikani", tatizo la kwanza ni uchache wa nyama. Vipande viwili vya sindano naviweka kwenye kaseti mbili, ndani ya formalini bafa ya asilimia 10 (dawa ya kuhifadhi nyama), saa 6 hadi 72. Slaidi zote nazikata kwa mkupuo mmoja: moja ya hematoksilini na eosini (rangi za kawaida za kuona sura ya seli), na kumi tupu za maikromita 3 hadi 4, za kupaka kingamwili. Ukirudi kukata mara tatu, kila mara kisu kinasawazisha upya uso wa bloku (nta iliyoshika nyama), na nyama iliyokuwa ijibu swali inaishia kwenye taka.

Slaidi ziwe zenye chaji ya umeme inayoshika nyama, zikaushwe nyuzi 60 kwa saa nzima. Za kawaida huachia nyama wakati wa kufufua antijeni (protini za seli ambazo kingamwili hushika): bafa ya EDTA, pH 9.0, nyuzi 95 hadi 98, dakika 20, halafu zipoe taratibu humohumo. Maji yasitokote. Haidrojeni peroksaidi asilimia 3 dakika 10, kingamwili dakika 30 hadi 60, polima ya kuongeza nguvu ya alama dakika 30, DAB (rangi ya kahawia) dakika 5. Kwenye ini usitumie seti za zamani za kupaka rangi zinazotegemea avidini na biotini. Seli za ini zina biotini yao, slaidi nzima itageuka kahawia. Slaidi ikikauka katikati ya kazi, kingo nazo hupata kahawia ya uongo.

Seli zikiwa hazina sura ya kueleweka, naanza na kingamwili za AE1/AE3, CD45 na SOX10, kwa mpangilio huo: je, ni kasinoma (saratani ya seli za ngozi ya ndani na tezi), limfoma (ya seli za kinga) au melanoma (ya seli za rangi ya ngozi)? Tahadhari: saratani ya ini lenyewe mara nyingi haishiki AE1/AE3, kwa hiyo hasi hapo haimaanishi si kasinoma. Weka HepPar-1 au arginase-1, alama za seli za ini.

Seli zikionekana wazi kuwa zimejipanga kama tezi, naenda moja kwa moja kwenye kingamwili za CK7, CK20, CDX2 na TTF-1. CK7 hasi, CK20 na CDX2 chanya kwa nguvu: utumbo mpana, na SATB2 huongeza uhakika. CK7 chanya na CK20 hasi ni kundi kubwa mno, hapo nagawanya: TTF-1 kwa mapafu, GATA3 kwa titi, PAX8 kwa ovari. CK7 na CK20 zote mbili hasi kwa mwanamume, NKX3.1 kwa tezi dume.

TTF-1 ndiyo inayodanganya wengi. Ile ya kweli inakaa kwenye kiini. Kloni 8G7G3/1 (aina moja ya kingamwili ya TTF-1) hupaka saitoplazimu ya seli za ini kwa chembechembe za kahawia, na mwenye haraka huandika "chanya" na kumpeleka mgonjwa kwenye mapafu. Panda lenzi ya 40. Kiini kikiwa cha bluu, hiyo ni hasi. Kidhibiti, yaani nyama inayojulikana kuwa chanya, kiwe kwenye slaidi hiyohiyo: kipande cha tezi ya shingo kwa TTF-1, kidole tumbo kwa CK20 na CDX2.

Kongosho na mirija ya nyongo hazina alama yao ya pekee. Seli zikibaki CK7 chanya na mengine yote hasi, naandika "inaelekea kongosho, nyongo au tumbo la juu" na kuomba picha ya CT na endoskopi (kamera ya kuchungulia tumboni), badala ya kumaliza bloku kwa kingamwili ya kumi na tano.