Wote Wanapumua Mara 20

Jana mwanafunzi wa uuguzi aliniletea chati ya wodi, na wagonjwa wote 12 walikuwa wanapumua mara 20 kwa dakika. Sikumkaripia. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini, nami niliwahi kuandika 20 mbele ya jina la bibi wa kitanda cha pembeni bila kukitazama kifua chake.

Usiku ule wodi nzima ilikuwa ya kijana aliyevunjika mguu. Alipiga kelele, ndugu zake wakanifuata kila nilikogeuka, ingawa nilikwisha kumpa dawa ya maumivu. Katikati ya zogo hilo, mjukuu wa yule bibi alinishika mkono wa sare.

"Sista, bibi leo hajanigombeza hata mara moja."

Nilimwambia amwache apumzike, amechoka.

"Bibi hachoki kunigombeza."

Sijui ni nini kilichonifanya niketi; huenda nilikuwa nayakimbia makelele tu. Niliweka kiganja juu ya kifua cha bibi, nikaitazama saa, nikaanza kuhesabu. Dakika nzima ni ndefu mno kwa mtu anayeitwa kutoka pande mbili. Kufikia sekunde ya 30 nilikuwa nimehesabu 17, nikajua kuwa chati yangu ilisema uongo, lakini niliendelea, kwa sababu sasa nilikuwa nikiona: pumzi fupi kama za mtu aliyetoka kupanda ngazi, na ngozi iliyobonyea juu ya mitulinga kila alipovuta hewa. Mwili wake haukuchemka. Mzee anaweza kuugua homa ya mapafu bila joto kupanda, jambo ambalo kwenye mtihani nilikuwa nimelijibu vizuri. Nilipomwita, aliniita kwa jina la binti yake. 34.

Yaliyofuata yalikwenda haraka: oksijeni, daktari, dawa ya mshipani. Siku ya tatu alimgombeza mjukuu wake kwa kutochana nywele.

Kwa kawaida kisa hiki nakimalizia hapo. Nisichopenda kuongeza ni kwamba niliporudi kwa yule kijana, karibu saa moja baadaye, kelele zilikuwa zimepungua, nami nikashukuru. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, na nilipolinyoosha dole gumba la mguu alilia upya. Misuli ilikuwa imebanwa ndani ya plasta ngumu aliyofungwa mguuni, na ndiyo maana dawa haikumsaidia. Daktari aliipasua plasta, mguu ukasalimika, lakini dole gumba halikurudiwa na hisia zake zote. Dada yake alikuwa ameniambia mara tatu, "Haya si maumivu ya jana," nami nikayahesabu maneno yake pamoja na kelele.

Jana nilimtaka mwanafunzi ahesabu upya, dakika nzima kwa kila mgonjwa. Akaniuliza aanze na nani. Nilimwelekeza kwa mzee aliyelala kimya, kisha, kabla hajafika, nikamwita arudi.