Rimu za 18 nilizoziuza na za 15 nilizozitafuta

Ukitoka Igurusi kuja Mbeya, kuna sehemu karibu na Inyala ambapo lami ina mifereji miwili iliyochimbwa na matairi ya malori ya Zambia na Kongo. Basi linapita humo bila shida. Siku ile mimi nilikuwa na Subaru Impreza yangu ya turbo juu ya rimu mpya za inchi 18, matairi mapana, na kila nilipotaka kutoka mferejini usukani ulinikatalia kwanza, halafu ukaniachia kwa ghafla. Niliushika kwa mikono miwili mpaka mabega yakauma. Mke wangu alikaa kimya njia nzima. Tulipofika Uyole ndipo akauliza, "Baba watoto, haya ndiyo matairi uliyoyalipia hela zote zile?"

Nilikuwa nimeyanunua kwa macho. Gari lilikuwa limependeza sana, na sikupima kitu hata kimoja.

Gari langu lina kazi mbili. Kwanza ni la kila siku: nakaa Mbeya, wazazi wapo Iringa, na barabara hiyo ya zaidi ya kilomita 300 kupitia Makambako na Mafinga naifahamu kona kwa kona. Pili, mara chache kwa mwaka, mimi na wenzangu tunakutana Mufindi kwenye barabara ya ndani ya shamba, kwa ruhusa ya mwenye shamba, barabara ikiwa imefungwa. Tunakimbia mmoja mmoja na kupimana muda. Ni changarawe na udongo mwekundu, kona nyingi, mawe ya hapa na pale. Mtu aliyekulia Iringa akitazama magari ya rali yakipita na kuacha vumbi angani ataelewa kwa nini jambo hili nalipenda.

Rimu nilizonunua zilikuwa na upana wa inchi 8 na ofseti 38. Rimu za asili za gari langu zimeandikwa 17x7JJ, yaani kipenyo inchi 17 na upana inchi 7, na 55. Hiyo 55 ni ofseti: uso wa rimu unaobana kwenye habu, kitovu cha gari kinachofungwa rimu, umekaa milimita 55 upande wa nje wa mstari wa katikati ya upana wake. Namba ikipungua, rimu inasogea nje. Nilikuja kupiga hesabu baadaye, wakati ilipaswa kuwa kabla. Nusu ya inchi 7 ni milimita 89. Toa 55, zinabaki 34 kutoka kwenye habu hadi ukingo wa nje. Nusu ya inchi 8 ni karibu 102. Toa 38, zinabaki 64. Kwa hiyo ukingo wa rimu ulikuwa umetoka nje sentimita 3 zaidi ya pale Subaru walipoupanga. Ndiyo maana usukani ulikuwa mzito na wenye hasira, na ndiyo maana nikiwa na abiria watatu nyuma na gunia la viazi kwenye buti, tairi lilikuwa linakwaruza madigadi kwenye kila tuta. Beringi nazo zilikuwa zinabeba mzigo kwa mkao ambao hazikutengenezewa.

Halafu likaja shimo. Ilikuwa usiku, karibu na Chimala, nikiwa nyuma ya lori, sikuliona. Ubavu wa tairi la 225/40 una urefu wa milimita 90 tu. Hapo ndipo ulipo mto wote kati ya shimo na rimu. Tairi likapasuka ubavuni, rimu ikapinda, na nikasubiri msaada kandokando ya barabara saa 5 usiku.

Kesho yake dukani kijana alinishauri ninunue tairi moja tu, mengine matatu bado yana meno. Nilikuwa karibu kukubali. Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee wa Mwanjelwa ambaye nimekuwa nikimpelekea gari miaka mingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku ameshainama anaingiza kipimo kwenye meno ya tairi lililobaki. "Haya yamebaki milimita 4," akasema. "Jipya lina 8. Kijana wangu, hili gari linavuta magurudumu yote manne. Unataka kuiua difu ya katikati?"

Nilikaa naye kwenye benchi tukapiga hesabu kwenye kipande cha boksi. Meno yakipungua milimita 1, kipenyo kinapungua milimita 2, na mzingo wa tairi unapungua milimita 6 na kidogo. Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya matairi isizidi hizo 6. Mimi ningekuwa na tofauti ya milimita 25. Tairi kuukuu lingezunguka mara 6 zaidi ya jipya katika kila kilomita, na kufika Iringa lingekuwa limezidi kwa mizunguko karibu 2,000. Tofauti hiyo yote inamezwa na difu, yaani gia zinazoruhusu magurudumu yazunguke kwa mwendo tofauti, na kwenye gari langu la gia manyuo difu ya katikati ina kifaa chenye mafuta mazito kinachopata moto kadiri ekseli ya mbele na ya nyuma zinavyozidi kutofautiana mwendo. Mwenye Corolla ya kuvuta mbele anaweza kununua matairi mawili ya mbele akaendelea na maisha. Mwenye Subaru anunue manne, ya aina moja, siku moja. Tangu siku ile nahamisha matairi ya mbele nyuma kila kilomita 8,000, na kipimo cha meno kinakaa kwenye droo ya gari.

Hapo nikaamua kuanza upya, na safari hii kwa daftari.

Maandishi ya ubavuni nilikuwa nayasoma miaka yote bila kuyatafsiri. 215/45R17: milimita 215 ni upana, 45 ni asilimia ya upana huo inayofanya urefu wa ubavu, 17 ni inchi za rimu. Asilimia 45 ya 215 ni milimita 97. Zidisha mara mbili, jumlisha inchi 17 ambazo ni milimita 432, unapata kipenyo cha milimita 625. Hiyo ndiyo namba ambayo spidi mita, gia na madigadi ya gari langu vinaijua. Yale ya 225/40R18 yalikuwa na 637, milimita 12 zaidi. Nikaanza kutafuta saizi za rimu ndogo zinazokaribia 625, na moja ikanifurahisha: 195/65R15. Kipenyo chake ni milimita 634 na nusu, na ubavu wake ni milimita 127. Spidi mita ikisoma 100, kwa kweli unakwenda 101 na nusu, jambo la kuvumilika. Na ni saizi inayovaliwa na magari mengi madogo ya Toyota, kwa hiyo utaikuta Makambako, utaikuta Mafinga. Jaribu kutafuta 225/40R18 pale Igawa siku ya Jumapili.

Kwa hiyo jibu likawa seti mbili: za 17 kwa lami na safari, za 15 kwa Mufindi.

Rimu za 17 za asili nilizipata kwa mtu aliyefanya kosa lilelile la kuzivua. Kabla yake niliwahi kupelekwa kuona rimu nzuri za Toyota, matundu 5, muuzaji akiapa zinaingia. Kweli matundu yalikaa kwenye duara la milimita 100 kama ya Subaru, lakini tundu la katikati la Toyota hizo ni milimita 54.1 na habu ya Subaru ni 56.1. Haiingii mpaka ichongwe. Hata nati ni tofauti: kutoka uzi hadi uzi Subaru ni milimita 1.25, Toyota 1.5. Ukilazimisha kwa wilispana ndefu, utakata uzi wa bolti na hutajua mpaka gurudumu litikisike. Rimu nyingi za kununua mpya zina kasoro ya upande wa pili: tundu la katikati ni kubwa, 73.1, na hapo unahitaji pete za kuziba nafasi, la sivyo usukani utatetemeka ukifika 90 hata kama balansi imefanywa vizuri.

Za 15 ndizo zilizonipa kazi, kwa sababu ya breki. Diski za mbele ni kubwa na kalipa, kile kifaa kinachobana diski, imejaza nafasi. Si kila rimu ya 15 inapita, hata kama vipimo vyote vya kwenye karatasi vinakubali, kwa sababu umbo la ndani la mikono ya rimu linatofautiana. Nilibandika vipande vya udongo laini juu ya kalipa, nikavalisha rimu tupu bila tairi, nikaifunga nati na kuizungusha kwa mkono taratibu. Seti ya kwanza iliukwangua udongo wote ikagusa chuma. Seti ya pili, yenye upana wa inchi 7 na ofseti 48, ilibakiza udongo wa unene wa milimita 4. Mzee akautazama, akasema inatosha kwa shamba ila nichunguze mawe kila mzunguko, kwa sababu kokoto ikinasa kati ya rimu na kalipa inachora rimu kama patasi. Ushauri huo naufuata mpaka leo: nikisimama, naingiza tochi.

Hata kwenye ubingwa wa dunia wa rali magari yanavaa rimu za 15 kwenye vumbi na za 18 kwenye lami. Nilikuwa nimeona picha za rimu za 18 na kusahau kuuliza zilipigwa kwenye barabara gani.

Ukiangalia matairi, usiishie kwenye saizi. Tarakimu nne kwenye ubavu ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nimewahi kuuziwa tairi "jipya" lililokuwa na miaka 7, gumu kama soli. Herufi ya mwisho kwenye maandishi ya saizi ni kasi ya juu: H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240. Namba iliyo kabla yake ni mzigo: 91 inabeba kilo 615, 87 inabeba 545. Haya ya 15 yanabeba zaidi ya yale ya 17, kwa sababu yana hewa nyingi zaidi ndani.

Upepo nao una tabia yake huku kwetu. Asubuhi ya Juni Uyole baridi inakata masikio, na saa 8 mchana Chimala unatokwa jasho. Kila joto likipanda nyuzi 5 au 6, upepo unapanda kwa PSI 1, kipimo cha upepo wa tairi. Ukijaza 32 mchana wa Chimala, asubuhi Mbeya utakuta 28 na gari linalegea kwenye kona. Napima alfajiri, kabla gari halijatembea, kwa kipimo changu mwenyewe.

Nilizipima seti zote kwa mizani ya magunia ya jirani yangu anayenunua mahindi. Gurudumu la 18 lilikuwa kilo 22, la 17 kilo 18 na nusu. Kwa magurudumu manne ni kilo 14, na ni kilo zinazozunguka, ambazo injini inazisukuma na breki inazizuia. Usukani ulivyokuwa mwepesi niliporudi kwenye za 17, nilihisi kabla sijatoka getini.

Mufindi, mara ya mwisho nikiwa na za 18, mzunguko wangu bora ulikuwa dakika 2 na sekunde 21, na nilikuwa napunguza mwendo kwenye kila jiwe kwa hofu ya rimu. Mwezi wa nane nikavaa za 15. Tairi lilikuwa linameza mawe, na kwenye kona ya udongo karibu na miti ya chai niliweza kusikia gari linaanza kuteleza mapema, polepole, nikiwa na muda wa kulirekebisha. Mzunguko wa tano ulikuwa 2 na sekunde 12. Jioni nikapiga jeki, nikazivua zikiwa na tope jekundu, nikavalisha za 17, nikakaza nati kwa mpangilio wa nyota. Nilipofika Makambako nikasimama kuzikaza tena, kisha nikaendelea mpaka Mbeya. Pale Inyala niliingia kwenye mfereji wa malori na kutoka kwa mkono mmoja.