Mauzo ya nje yamepanda, sawa, ila kilichopanda ni nini hasa?

Kila ripoti ya uchumi ikitoka utasikia mauzo ya nje yamekua kwa asilimia kadhaa, makofi yanapigwa, magazeti yanaandika kwa herufi kubwa, basi imeishia hapo. Mi hii mada naipenda sana na inaniuma tukiiachia hapo, maana ile asilimia peke yake haikuambii kama kuna mtu yeyote kazalisha zaidi ya mwaka jana.

Chukua mafuta ghafi. Julai 2008 pipa lilifika dola 147, afu mwaka haujaisha likawa chini ya dola 40. Nchi inayouza mafuta ilikuwa na visima vilevile, wafanyakazi walewale, meli zilezile, ila kwenye vitabu mauzo yake yalipaa yakaporomoka ndani ya miezi michache. Ndo maana nikikutana na takwimu za mauzo kitu cha kwanza natafuta ujazo, yaani tani ngapi, mapipa mangapi, halafu ndo narudi kwenye dola. Dola zikipanda na tani ziko palepale hiyo ni neema ya soko, tushukuru, lakini usiipangie bajeti ya miaka kumi.

Sasa kuna swali lingine ambalo kwangu ndo zito zaidi, nani anabaki na hela. Mwaka 2010 watafiti wawili, Yuqing Xing na Neal Detert, walipiga hesabu ya iPhone za mwaka 2009. Kuitengeneza simu moja kiwandani ilikuwa inagharimu kama dola 179, na ikitoka China kwenda Marekani hizo dola 179 zote zinaandikwa mauzo ya nje ya China. Kazi ya kuunganisha iliyofanyika China kwenye simu hiyo ililipwa dola 6.50. Sita na nusu! Kilichobaki kwa sehemu kubwa kilikuwa vipuri vya Japani, Korea Kusini, Ujerumani, na vingine vya Marekani yenyewe, kwa hiyo Marekani ilikuwa inahesabiwa imenunua kutoka China vitu ambavyo vingine imeviuza yenyewe. Forodha hawana kosa hapo, wao wanaandika thamani ya mzigo unaovuka mpaka, hawaulizi kila kipande kimetoka wapi. Ndo sababu OECD, umoja wa nchi zilizoendelea kiuchumi, na WTO, Shirika la Biashara Duniani, wakaanza 2013 kutoa takwimu za thamani iliyoongezwa ndani ya kila nchi, na ukizisoma hizo unaona ramani ya biashara ya dunia imebadilika kabisa.

Sisemi kazi ya kuunganisha haina maana, hapana. Bangladesh zaidi ya asilimia 80 ya mauzo yake ya nje ni nguo, viwanda hivyo vimeajiri mamilioni ya watu na wengi wao ni wanawake, hiyo si kitu kidogo. Pamba lakini wananunua nje karibu yote. Walichofanya cha maana ni kutoishia kwenye kushona tu, wakaingia kwenye kusokota nyuzi na kutengeneza vitambaa, hasa vya fulana, kwa hiyo kila fulana inayotoka inaacha hela nyingi zaidi ndani kuliko zamani. Mi hayo ndo nayaita maendeleo hata kama idadi ya fulana ingebaki ileile.

Na mfano ambao siuchoki ni Korea Kusini. Tarehe 30 Novemba 1964 walifikisha dola milioni 100 za mauzo ya nje kwa mwaka, wakaifanya siku hiyo kuwa ya kitaifa ya mauzo ya nje, na 1977 wakafika dola bilioni 10. Watu wakisimulia hii huwa wanakazania kasi, mi nakazania walichokuwa wanauza: miaka ya sitini ilikuwa nguo, mbao za plaiwudi, na mawigi, ndio, mawigi ya nywele, baadaye ikaja chuma, meli, magari, vifaa vya elektroniki. Rais Park Chung-hee alikuwa anakaa kwenye kikao cha mauzo ya nje kila mwezi na wafanyabiashara wakiwemo, wanaeleza wamekwama wapi. Kampuni yenye oda ya nje ilipata mkopo wa riba nafuu, na malighafi ya kutengenezea bidhaa za kuuza nje ilikuwa inaingia bila ushuru. Utawala wake ulikuwa wa mkono wa chuma na wafanyakazi walibanwa sana, hilo lazima lisemwe, ila ule utaratibu wa kumsaidia anayethibitisha ameuza bado una funzo.

Kitu kingine kinachosahaulika ni makaratasi. Baadhi ya malipo ya biashara ya nje yanapitia barua ya benki (letter of credit), yaani benki ya mnunuzi inaahidi kulipa ikiletewa hati zinazotakiwa: ankara, hati ya meli, cheti cha uasili kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani, bima. Benki haiangalii mzigo, inaangalia hati, tarehe ya kupakia ikipitwa hata kwa siku moja inaweza kukataa kulipa wakati bidhaa ni nzuri na meli iko baharini tayari. Muuzaji mkubwa ana idara nzima ya kushughulikia hayo, mdogo yuko peke yake. WTO wenyewe walikadiria 2015 kwamba mkataba wao wa kurahisisha taratibu za mipakani ukitekelezwa wote utapunguza gharama za biashara kwa wastani wa asilimia 14.3, na mkataba huo umeanza kufanya kazi Februari 2017. Asilimia 14 bila kujenga kiwanda hata kimoja jamani, halafu sisi tunaongelea makongamano ya wawekezaji tu.

Kama unataka kuiangalia nchi yako mwenyewe, takwimu zipo wazi kwenye UN Comtrade, hifadhi ya takwimu za biashara ya Umoja wa Mataifa. Bidhaa zote zimepangwa kwa namba za utambulisho za tarakimu sita, mfumo ulioanza 1988 na sasa una makundi zaidi ya 5,000. Kahawa ambayo haijakaangwa wala kuondolewa kafeini ni 0901.11, iliyokaangwa ikiwa na kafeini yake ni 0901.21. Ujerumani haina shamba la kahawa ila ni kati ya wauzaji wakubwa duniani wa hiyo ya pili. Chukua nchi yoyote inayolima, weka namba hizo mbili pembeni kwa pembeni, mwaka huu na miaka kumi nyuma, dola na kilo zote, utajua umepigia makofi nini.