Nilivyopunguza muda wa kujaza tovuti ya WordPress

Watu wengi wakipewa kazi ya kujaza tovuti ya WordPress (programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti) wanaingia moja kwa moja kwenye dashibodi, yaani ukurasa wa kuisimamia tovuti, wanabonyeza ongeza makala, wanaanza kupesti. Mi siku hizi dashibodi ndo naifungua mwisho. Kazi iliyonizoesha hivyo ilikuwa na makala zaidi ya mia tatu, maandishi yametumwa kwa imeli vipande vipande, picha zimejaa kwenye folda moja na majina ya kamera, na mwenye kazi anataka haraka, si unajua tena.

Nikaanza na jedwali la Excel. Mstari mmoja makala moja, alafu safu: kichwa, kipande cha mwisho cha anwani, kategoria, tagi, muhtasari, jina la faili la picha, tarehe. Unaweza kuona kama najiongezea kazi lakini hapo ndo muda unapookolewa, maana ukiwa ndani ya makala moja moja kila saa unasimama kujiuliza hii niiweke Mafunzo au Elimu, leo unajibu hivi kesho unajibu vile, mwisho tovuti ina kategoria kibao zenye maana ileile. Kwenye jedwali unaziona zote kwa pamoja, unapanga kwa alfabeti, zinazofanana unaziunganisha papo hapo. Na mwenye kazi nikamtumia jedwali hilohilo akasahihisha vichwa vyake humohumo kabla chochote hakijaingia kwenye tovuti, hii peke yake iliondoa yale mambo ya "naomba badilisha kidogo pale" yasiyoisha.

Kwa kuingiza, WordPress yenyewe haimezi CSV (jedwali lililosevuwa kama maandishi matupu), inahitaji plagini, yaani kiprogramu cha kuiongezea uwezo, zipo nyingi na za bure zipo. Unaiambia safu hii ni kichwa, hii ni kategoria, hii ni picha, inajaza yenyewe. Ila usimwage zote mara moja, ingiza mistari michache kwanza kwenye nakala ya majaribio na chagua ile yenye shida: kichwa kirefu, makala yenye jedwali ndani, na neno lenye ng'. Huyu ng' msimdharau. Programu nyingi za kuandikia zinageuza kile kialama kuwa cha kujipinda, sasa faili likisomwa kwa usimbaji (namna kompyuta inavyotunza herufi) tofauti na uliosevia, "kung’oa" inatokea "kungâ€™oa" makala zote. Dawa yake ni kusevu kwa CSV UTF-8 (UTF-8 ni usimbaji mmojawapo) na kuhakikisha plagini nayo inasoma UTF-8, basi.

Muundo wa anwani (permalinki) panga kabla ya makala ya kwanza. Ukija kuubadilisha baadaye, linki zote za ndani ulizokwisha andika zinabaki na anwani ya zamani.

Picha ndo zinazokula muda bila mtu kugundua. Tangu toleo 5.3 la mwaka 2019 WordPress inapunguza yenyewe picha inayozidi pikseli 2560, lakini ile ya awali inabaki kwenye seva na kila picha inatengenezewa saizi kadhaa, kwahiyo ukipakia mapicha makubwa yaliyotoka moja kwa moja kwenye kamera utakaa unaangalia mstari wa bluu ukisogea. Mi nazipunguza zote kwa mpigo kwenye kompyuta, nazipa majina yanayoeleweka, ndo napakia. Kama seva ina WP-CLI (zana ya kuiendesha WordPress kwa amri za kuandika), amri moja tu ya wp media import inabeba folda zima.

Kwa kurasa zinazofanana, mfano za huduma, natengeneza mfano mmoja nausevu kama patani, yaani kipande cha ukurasa cha kutumia tena (zile za kuunganishwa zamani ziliitwa bloki za kutumia tena, jina limebadilika toleo 6.3, 2023). Mifupa ya ukurasa naisevu ya kawaida ili kila ukurasa ujitegemee, ila namba za simu na saa za kazi naweka ile ya kuunganishwa, ukibadilisha mara moja inabadilika kote. Ukichanganya hizi mbili utashangaa umehariri ukurasa mmoja na kumi nyingine zimekufuata.

Marekebisho ya mwisho nayo sifungui makala moja moja. Kwenye orodha naongeza idadi inayoonekana kwa ukurasa, nachagua zote, nahariri kwa pamoja mwandishi au hali (rasimu au imechapishwa). Jina likibadilika tovuti nzima natumia wp search-replace, lakini kwanza na --dry-run inayoonyesha ni sehemu ngapi zitaguswa bila kugusa kitu, na bekapu iwepo.

Kilichobaki cha mkono ni maelezo ya picha kwa wasioona. Hayo lazima mtu aiangalie picha ndo aandike, kwahiyo nayo nimeyapa safu yake kwenye Excel nayaandika huku nikizipa picha majina.