Stoo imegeuka chumba cha kushonea viraka

Kila ninayemwambia kwamba siku hizi nina chumba changu cha kushonea pale nyumbani swali la kwanza ni lile lile, cherehani gani? Mimi najibu meza. Mtu anarudia swali akidhani sijamsikia. Lakini ndo ukweli wenyewe jamani, mtu anayeshona mablanketi ya viraka, haya wenzetu wanayaita kwilti, muda mwingi hayupo kwenye cherehani kabisa, yupo kasimama anakata, alafu yupo kasimama anapiga pasi, alafu yupo sakafuni kapiga magoti anabana pini, cherehani anaikalia kidogo anashona mistari iliyonyooka anainuka tena kwenda kwenye pasi. Ukimaliza hela yote kwenye mashine alafu ukawa unakatia kitandani, mgongo utakuuma na viraka vyako havitakutana kona hata siku moja.

Chumba chenyewe ni stoo. Nyumba tunayopanga huku Tabata ina kastoo nyuma ya jiko, kana dirisha moja tu, na humo ndani palikuwa na madumu, matairi ya baba watoto na friji bovu ambalo amekuwa "atalitengeneza" tangu sijui lini. Kulitoa lile friji kulihitaji kikao cha familia. Mama mwenye nyumba nilienda kumwamkia nikamuomba ruhusa, akasema hakuna shida mwanangu ila ukutani usinipigie misumari, kwa hiyo kila kitu utakachosikia hapa kimesimama chenyewe au kimeegemea, hakuna kilichopigiliwa.

Meza ya kukatia ni mlango. Ule mlango wa flashi, mwepesi, laini juu, nilimpata fundi seremala Keko akaniwekea miguu, na nilimwambia kabisa fundi usinipimie meza ya kulia chakula, nataka inifike kiunoni, sentimita 90 hivi. Akanishangaa. Meza ya kawaida iko kwenye 75, hiyo ni ya kukalia, ukisimama kuikatia unainama, na ukiinama saa mbili tatu na mkasi mkononi kesho yake unatembea kama bibi. Urefu wako ndo unaamua, simama wima kunja kiwiko, meza ikae chini kidogo ya kiwiko. Chini ya meza ndo nimepanga ndoo za vitambaa, hakuna nafasi inayopotea.

Pasi nimeiweka nyuma yangu nikiwa nimekaa kwenye cherehani, nageuka tu hatua moja nimefika. Watu wengi wanaacha pasi sebuleni wanasema nitapiga yote mwisho. Kwenye viraka huwezi, kila mshono unapigwa pasi kabla haujaungwa na mwingine, unaulaza upande wa kitambaa cheusi zaidi ili usionekane kwa juu, na mstari unaofuata unaulaza upande wa pili, hivo mishono miwili ikikutana kona inabanana yenyewe, unaisikia kabisa kwa kidole inaingia mahali pake. Hapo ndo siri ya kona kukutana. Sio mashine ya gharama.

Ila pasi ina mambo yake na umeme. Pasi ya wati 1000 ukiiacha inawaka lisaa lizima imekula uniti moja ya LUKU, wakati mashine ndogo ya umeme ya nyumbani ni wati mia hivi, haina makuu. Kwa hiyo napiga kwa mafungu, nashona viraka vingi mfululizo bila kukata uzi vinatoka kama mnyororo, navikata, ndo nawasha pasi. Na pasi isikae kwenye ekstensheni moja na feni na taa na chaja za simu za watoto, zile ekstensheni nyembamba zinayeyuka. Pasi soketi yake ya ukutani, basi.

Haya, cherehani sasa, najua mlikuwa mnaisubiri. Ninayo Singer nyeusi ya kukanyaga, ya shangazi yangu kule Muheza, ilikuwa barazani imewekewa vyungu vya maua. Zile Singer za zamani zina namba ubavuni, herufi na tarakimu, unaweza kuitafuta mtandaoni ukajua imetoka kiwanda gani na mwaka gani. Hii ya shangazi imetengenezwa Clydebank, Scotland, kiwanda kilichofungwa mwaka 1980, na mashine bado inashona mstari ulionyooka kuliko nyingi za dukani leo. Blanketi la viraka halihitaji mashine yenye maua arobaini, linahitaji mstari mmoja ulionyooka. Umeme ukikatika mimi naendelea tu kukanyaga. Jambo la pili zuri la hizi za kukanyaga, kichwa cha mashine kimezama, kiko usawa mmoja na meza, kwa hiyo kitambaa kinateleza hakipandi mlima. Wenye mashine ya kubeba ya umeme, juu ya meza, tafuteni namna ya kuinua pembeni, fundi akukatie tundu kwenye meza mashine izame au akutengenezee kijukwaa kuizunguka, maana blanketi zima likianza kuning'inia uzito wake unavuta sindano, mishono inakuwa midogo midogo ghafla alafu sindano inakatika. Na meza ya mashine isogeze ukutani, ukuta uwe kushoto kwako na mbele yako, blanketi likisukumwa linakusanyika mezani halidondoki.

Mafuta ni ya cherehani, yale meupe mepesi. Sio ya kula, sio ya nazi. Ya kula yanaganda humo ndani yanakuwa gundi, alafu unakuja kusema mashine nzito. Na huku kwetu Pwani joto na unyevu, ukiiacha mashine wazi inashika kutu, nafunika na khanga, nikimaliza kazi nafagia zile pamba pamba chini ya meno, yale yanayosukuma kitambaa, kwa brashi. Sindano kwa kitenge na khanga natumia namba 14, nikifika kwenye kushona matabaka yote matatu pamoja, yaani viraka vya juu, cha katikati na kitambaa cha chini, nahamia 16, na nabadilisha sindano kabla haijakatika, mafundi wengi mtaani wanasubiri ikatike, sindano butu inatoboa kitambaa inakipasua nyuzi.

Mwanga. Dirisha liko kushoto kwangu, nimepanga hivo makusudi, kichwa cha mashine kiko kulia kwa hiyo mwanga wa kushoto unafika kwenye sindano bila kivuli, na kama unakatia mkono wa kulia mkono haukufunikii mstari wa chaki. Usiku nina taa nyeupe ya LED, sio ile ya njano, njano inakudanganya rangi, unaweka kahawia pembeni ya zambarau unaona zinapatana, asubuhi unashangaa. Feni ndo mtihani. Kachumba kadogo, pasi inawaka, Dar ya mwezi wa pili, bila feni unazimia, ukiwasha feni viraka ulivyovipanga saa nzima vyote vinaruka vinaingia chini ya meza. Nimeishia kuielekeza feni miguuni, inapuliza chini ya meza, juu kunatulia.

Sasa ukuta. Kabla ya kushona lazima uone blanketi zima limepangwa, na sakafu yangu haitoshi, na watoto wanapita. Kwa sababu misumari hairuhusiwi nimetengenezewa fremu ya mbao nyepesi, nikaivalisha blanketi la kijivu lenye manyoya, nikaiegemeza ukutani. Kiraka cha pamba ukikibandika pale kinashika chenyewe bila pini. Unarudi nyuma hadi mlangoni unaangalia, unahamisha hiki kule. Piga picha kwa simu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe, utaona mara moja wapi giza limerundikana, kitu ambacho macho hayakuambii kwa sababu kitenge kina kelele nyingi za rangi.

Vitambaa sinunui vingi, naokota. Mafundi wa mtaani kwangu wana viroba vya vipande wanatupa au wanachomea takataka, nilimwambia fundi mmoja kaka usitupe niwekee, sasa ananipigia simu mwenyewe. Ukileta kiroba nyumbani uchambue kwanza pamba na poliesta, kwa sababu moto wa pasi unaofaa pamba unaiyeyusha poliesta. Chukua uzi mmoja mmoja uchome: pamba inanuka karatasi inayoungua na inaacha jivu laini, poliesta inayeyuka inaacha kijiwe kigumu cheusi. Alafu fua vyote kabla ya kukata. Khanga mpya na vitenge vingine vinachuja, hasa nyekundu, lowanisha kipande ukikandamize na kitambaa cheupe na pasi uone kama kinatoa rangi, bora ichuje kwenye beseni kuliko kwenye blanketi la zawadi. Khanga chakavu iliyolegea naitia wanga wa muhogo kidogo napiga pasi, inakaza, inakatika vizuri. Ila blanketi likiisha ufue wanga wote utoke, mende wanapenda wanga balaa.

Hesabu niliyoizoea ni hii, kitanda cha 5 kwa 6, yaani inchi 60 kwa 72. Kata miraba ya inchi 6 na nusu, robo inchi kila upande inaliwa na mshono, unabaki na 6. Kumi kwa kumi na mbili, miraba 120, inafunika godoro juu barabara. Kitenge cha upana wa inchi 44 kinatoa miraba 6 kwa upana, kwa hiyo yadi 4 zinatosha na chenji inabaki. Lakini hiyo robo inchi iwe robo kweli. Ukizidisha inchi moja ya kumi na sita tu kila upande, kila mraba unapungua moja ya nane, mara kumi, umepoteza inchi na robo, na mstari wa jirani ulioushona siku nyingine haukupungua hivo, basi haviungani. Mimi nimebandika vipande vya plasta, vimerundikana juu ya mwenzake, kwenye bamba la mashine robo inchi kamili kutoka kwenye sindano, kitambaa kinagusa kaukuta kale kinaenda chenyewe.

Katikati ya blanketi, pale wanapoweka pamba nene, mimi naweka khanga kuukuu. Kwa joto la huku ile fiba nene ya poliesta nani atajifunika? Khanga mbili tatu zilizochoka zinatosha, na jina lake linabaki humo ndani, kuna blanketi moja nimempa wifi, ndani limelala fumbo ambalo yeye hatakaa alisome, mimi na mama mkwe tu tunalijua. Na ukisikiliza wazee wanavyosimulia, khanga yenyewe ilianza na kuunga, kina mama wa pwani karne ya 19 walinunua leso za Wareno zikiwa bado jora, wakakata tatu wakaunga na tatu nyingine wakapata vazi moja. Kuna na Wasidi wa Karnataka kule India, watu wenye asili ya Afrika, kina mama wao wanashona mablanketi ya viraka yanaitwa kawandi, kwa mkono mtupu, wanaanzia ukingoni wanazunguka kuelekea katikati, na kwenye kona nne wanaweka vipembe vilivyokunjwa vinaitwa phula, bila hivyo halijaisha. Hao hawana meza ya sentimita 90 wala fremu ya kijivu, wanakaa chini na sindano na nguo kuukuu, na kazi zao zimefika makumbusho. Naandika hili ili mtu asiye na stoo asiniambie anasubiri kujenga.

Kinachonisumbua sasa hivi ni kitambaa cha chini. Kitenge ni chembamba kwa kitanda, inabidi uunge vipana viwili, na kwa 5 kwa 6 ukiacha inchi nne nne za ziada pande zote unahitaji yadi 5 hivi. Jumamosi naenda Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, kutafuta kile cha mashuka kinachouzwa kikiwa kipana. Nikikosa nitaunga, ila mshono nitausogeza pembeni, sio katikati, kwa sababu blanketi huwa linakunjwa katikati na mshono ukikaa kwenye kunjo unachakaa wa kwanza.